Iwapo mambo yote yatasimama: ni rasilimali gani za shehia zetu zitakazotufaa kuanza upya?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba msaada wa mawazo yenu katika jambo ambalo nimekabidhiwa na ambalo, kila nikilitazama, naliona ni kubwa kuliko nilivyodhani. Katika shehia yetu nimepewa kazi ya kuandika orodha ya vitu na watu waliopo karibu nasi, ambao wangeweza kutufaa iwapo huduma zote tulizozizoea zingesimama kwa muda mrefu. Nakusudia mwaka au zaidi, wala si wiki moja. Meli haziji, umeme haupo, benki zimefungwa, simu hazishiki, na hakuna ajuaye hali itarejea lini.

Orodha yangu ya mwanzo niliiandika kwa siku mbili. Niliandika maghala ya mchele, vituo vya mafuta, watu wenye majenereta, magari ya kuuzia maji na maduka ya dawa. Nilipoisoma tena usiku nikaona kuwa karibu kila nilichokiandika kingekwisha au kingezimika kabla ya mwezi kuandama mara ya pili. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 visiwani, na mchele tunaoula sehemu kubwa unashuka bandarini. Ghala lolote litakalotajwa humo ni la kuchelewesha njaa tu.

Kilichonifanya nijiulize upya ni kumbukumbu ya mwaka 2008, pale waya wa umeme wa baharini unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipopata hitilafu na Unguja yote ikakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha mkasa ukajirudia kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati huo nilikuwa nakaa Ng'ambo. Giza tulilivumilia; kilichotutesa ni maji, kwa sababu pampu zote zilikuwa zikitegemea umeme. Tulichota kwenye kisima cha msikiti ambacho kwa miaka hakuna aliyekitazama, na aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye bado alikuwa amehifadhi kamba na ndoo yake ya kutekea. Wengi wetu tulikuwa na ndoo, lakini hatukuwa na kamba ya kufika chini.

Kwa hiyo swali langu ni hili: mngekuwa nyinyi, mngeandika nini katika orodha hiyo? Nakusudia vitu vinavyozaa vingine, na watu wanaojua kuvizalisha.

Bi Mkulima, Wete

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza vyema, ila nitaanza na chakula, kwa sababu mwenye njaa hafundishiki.

Jambo hili si geni kama vijana mnavyolidhania. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia vita vya pili vya dunia, pale Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Watu wa mjini walilia, naye alikuwa akisema kwamba wa shamba hawakushiba lakini hawakulia sana, kwa kuwa walikuwa na muhogo ardhini. Neno hilo "ardhini" ndilo ninalotaka uliandike. Mpunga ukikomaa unavunwa, unawekwa ghalani, na ghala linavunjwa na mwizi au linaingia panya. Muhogo unaweza kuuacha shambani kwa miezi ukang'oa wa leo tu.

Hata hivyo usiandike "muhogo" ukaridhika. Mbegu yake ni mti wenyewe, na vipande vya mti havikai mwaka ghalani, hivyo hifadhi ya mbegu ni shamba la mtu fulani lililo hai sasa hivi. Uandike shamba la nani lina mbegu safi. Nasema safi kwa sababu tuna maradhi mawili: batobato, ambayo unaiona kwenye majani, na michirizi ya kahawia, ambayo ni hatari zaidi kwa hesabu hii yako, maana mti unaweza kuonekana mzima juu na muhogo ukawa umeoza chini. Ile faida ya kuuacha ardhini inapotea yote. Watafiti wa kilimo pale Kizimbani wamefanya kazi ya kutafuta mbegu zinazostahamili maradhi haya. Nenda ukaulize ni wakulima gani wa karibu na kwenu waliozipanda.

Pili, andika ni akina mama gani bado wanajua kutengeneza makopa, yaani muhogo mkavu, na kusonga bada, ugali wa unga wake. Vijana wa leo wakisikia bada hucheka. Muhogo mchungu una sumu, nayo huondoka kwa kumenya, kuloweka siku kadhaa hadi ulainike, kuanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo utwangwe. Huko Msumbiji mwaka 1981, katika ukame, watu wenye njaa walifupisha kazi hiyo, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Miguu hiyo hairudi. Kwa hiyo bibi mmoja anayejua ni siku ngapi za kuloweka ana thamani kuliko gunia kumi za unga.

Shelisheli nalo lihesabiwe, mti kwa mti, kwa sababu mshelisheli wetu hauna mbegu ya kupanda; hupandwa kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi, na ukiukata wa mwisho katika kiambo huna pa kuanzia. Majimbi kwenye mabonde, viazi vikuu, ndizi, mbaazi na kunde mnavijua wenyewe, sivielezi.

Kuhusu karafuu, ambayo najua wenzangu wa Pemba watasubiri niitaje: karafuu haisongwi bada. Itatufaa baadaye, siku chombo cha kwanza kitakapovuka kwenda Tanga au Mombasa na tukahitaji kitu cha kubadilishana. Hata hivyo ina funzo moja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Toka hapo karafuu ikawa ya Pemba zaidi. Mbegu yoyote unayoitegemea isikae upande mmoja wa maji.

Fundi wa Vyombo, Nungwi

Bi Mkulima amesema chombo kitakapovuka. Nauliza kwa heshima: chombo hicho atakijenga nani, na kwa mti gani?

Mimi nimekuwa fundi tangu utotoni. Watu wakija hapa pwani kutupiga picha huona tezo, keekee, patasi na msumeno, wakadhani ufundi umo humo. Ufundi umo pia msituni na mashambani. Mataruma, yaani mbavu za jahazi, hayapindwi kwa moto. Huchaguliwa kutoka kwenye tawi lililokwisha kupinda lenyewe, na fundi mzuri hupita kwenye shamba la mtu akauwekea macho mwembe au mfenesi miaka kabla ya kuuhitaji. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Fuoni, ukiandika jina la fundi bila kuandika miti yake umeandika nusu. Siku hizi miti mikubwa inakatwa ili kujenga, na hakuna anayeuliza lile tawi lilikuwa na kazi gani.

Misumari ni tatizo dogo kuliko watu wanavyodhani. Mhunzi akiwa hai, chuma chakavu kisiwani ni kingi na kitatosha kwa miaka mingi. Magari yaliyokufa tu yanatosha. Na wazee waliotutangulia walijenga mitepe isiyo na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe wa namna hiyo ndani ya Beit al Ajaib ili watu waone ulivyokuwa.

Kamba ndiyo ninayoihofia. Bila kamba hakuna tanga, hakuna nanga, hakuna dema la samaki linaloshushwa, wala hiyo ndoo ya kisimani. Kamba ya nailoni inaletwa kutoka nje, na sisi tumeizoea mno. Kamba ya usumba inatoka kwenye makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa pwani mahali yanapofikiwa na maji ya bahari, yakakaa humo miezi hadi yalainike, kisha hupondwa na kusokotwa. Wanaoijua kazi hiyo ni akina mama, tena wengi ni watu wazima, na malipo yake ni madogo kiasi kwamba mabinti zao hawaitaki. Mtu akitaka kamba leo hawezi kuipata leo. Anayetaka kamba mwezi wa Disemba alitakiwa afukie makumbi zamani.

Pamba ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, tunaweza kuipata kwa nguo chakavu, na sifa, mafuta ya kupaka chombo, tutaikamua kwenye maini ya papa kama zamani. Nataka niongeze jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya watu. Kila mara tukizungumzia kujenga kwa vitu vya asili, mtu husema tuna mawe na tuna chokaa. Ni kweli, ila tanuu la chokaa linakula kuni kwa wingi wa kutisha: unapanga magogo, unapanga mawe juu yake, na rundo zima linawaka. Katika mwaka ambao kila nyumba inapikia kuni, tanuu moja likiwashwa litazua ugomvi. Nyumba ya udongo, boriti na makuti inatosha kwa miaka ya mwanzo, na boriti zenyewe za mikoko zikatwe kwa mpango, kwa sababu mikoko ndiyo inayolea samaki tunaotaka kuwala. Chokaa ingoje. Chumvi, kwa upande mwingine, inakaushwa na jua katika mashamba ya chumvi ya Unguja na Pemba bila kuni hata moja, na bila chumvi hakuna ng'onda, samaki mkavu wa kuhifadhi.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Shikamoo Bi Mkulima, shikamoo fundi. Nimewasoma kwa makini na nimejifunza mengi, ila naona tunarudi nyuma kwa haraka kuliko inavyolazimu. Paneli za sola zilizopo juu ya mapaa hazitazimika siku meli zitakapoacha kuja. Zinafanya kazi miaka ishirini na zaidi. Kinachokufa mapema ni betri na vifaa vya kudhibiti chaji. Mimi ni fundi wa simu, na nasema wazi kwamba betri zitatushinda. Lakini paneli inaweza kuendesha pampu ndogo ya maji mchana moja kwa moja, bila betri, ukahifadhi maji kwenye tangi badala ya kuhifadhi umeme.

Pale Kinyasini kipo chuo cha Barefoot ambacho kimekuwa kikiwafundisha akina mama wa vijijini, wakiwemo wasiosoma sana, kuunganisha na kutengeneza vifaa vya sola, kisha wanarudi vijijini kwao. Watu hao wanajulikana na wanahesabika. Waandikwe.

Kingine ni redio. Micheweni, Tumbatu na Makunduchi ziko redio za jamii zenye watu waliozoea kutangaza habari za mahali pao, na redio ya kupokelea haihitaji umeme mwingi. Uvumi katika hali kama hiyo unaua. Mwaka 2008 kila siku tulikuwa tukisikia kuwa umeme utarudi Ijumaa.

Bi Mkulima, Wete

Marhaba, mwanangu. Hilo la pampu bila betri nimelipenda. Sisi Pemba mwaka huo wa 2008 tulikuwa bado na majenereta yetu ya dizeli, waya wa Tanga haujaletwa hadi 2010, basi tulikuwa tukiwaonea huruma Waunguja kwa mbali. Leo tupo nanyi katika waya.

Mwalimu Mstaafu, Makunduchi

Nawasalimu nyote. Nimefundisha skuli kwa miaka mingi na nina mambo matatu, ingawa la tatu ndilo lililonifanya niandike.

La kwanza ni kalenda. Simu zikifa, watu wataendelea kuujua mwezi kwa kuuangalia, lakini mwezi hausemi ni lini pa kupanda. Wakulima na wavuvi wa hapa walihesabu mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na mzee akikwambia mvua za mwaka huu zianze mwongo fulani, alikuwa na maana ya siku zinazohesabika. Mwaka huo hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, hivyo huteleza taratibu, na anayeuhesabu lazima ajue kuurekebisha kwa kutazama pepo, kusi inapoingia na kaskazi inapotulia. Wageni wanapokuja hapa mwezi wa Julai kutazama Mwaka Kogwa, huona watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Wachache hujua kuwa wanatazama siku ya kwanza ya hesabu ya kilimo. Wanaoweza kuitaja miongo kwa mpangilio wamebaki wachache. Kuwaandika hakugharimu kitu zaidi ya daftari na asubuhi moja.

La pili ni maji. Upande wetu wa mawe hatuna mito. Maji matamu ya mvua hupenya kwenye mawe na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kama tui zito linavyokaa juu. Ukivuta kwa pampu yenye nguvu, chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo kijana wa Mwanakwerekwe aweke pampu ndogo kweli. Mkono wa mtu na ndoo havijawahi kukausha kisima chetu hata kimoja.

La tatu ni nani mwenye haki. Orodha ya visima, mapango yenye maji, miti na mashamba haitasaidia iwapo siku ya shida kutazuka swali la nani aruhusiwe kuchota. Zamani katika viambo vyetu wavyale, yaani wazee wenye asili ya mahali, walikuwa wakijua ardhi ipi ni ya kulima kwa zamu, ipi ni ya kuachwa, na pango lipi ni la watu wote. Leo kuna njia za kwenda pwani na kisimani ambazo zimezibwa na uzio, na aliyezizuia ana hati mkononi. Najua mahali pamoja, nisipopataja, ambapo kisima cha kijiji sasa kimo ndani ya ukuta wa hoteli. Wenye hoteli ni watu wapole na wanaruhusu watu kuchota, lakini ruhusa na haki ni vitu viwili tofauti, na siku ambayo hoteli itafungwa na mlinzi akaondoka na ufunguo, tutagundua tofauti yake. Visima vya misikiti vina nafuu, kwa sababu vingi ni wakfu na hakuna anayeweza kuviuza. Andika karibu na kila kisima kiko katika hali gani ya umiliki, tena mpeleke sheha athibitishe wakati watu bado wanazungumza kwa utulivu.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya watu wa mtaa, pia uandikwe, na uandikwe kama kitu kinachofanyika au kilichokwisha kufa, mtaa kwa mtaa. Nimeona mitaa ambayo watu wanafagia makaburini pamoja kila mwaka kabla ya Ramadhani, na mitaa ambayo jirani hajui jina la jirani. Hiyo ya kwanza ina kitu ambacho hakinunuliwi.

Mkaazi wa Fuoni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeifuta orodha yangu ya kwanza na nimeanza nyingine yenye majina ya watu, miti na visima. Hadi sasa nina visima sita katika eneo letu, vinne vikiwa vya wakfu. Nimewapata akina mama wawili wanaotengeneza makopa, fundi mmoja wa sola, na hakuna hata mmoja anayesokota kamba ya usumba. Kwa hilo itabidi niulize vijiji vya pwani.

Jana nilikwenda kukitazama kisima cha zamani zaidi nyuma ya msikiti. Kimefunikwa kwa bamba la zege lenye tundu, na vijana wamekuwa wakitupa ndani chupa na mifuko. Tulipotupa jiwe tulisikia maji. Imamu yuko tayari tukisafishe kwa msaragambo Jumapili ijayo. Je, kuna yeyote mwenye uzoefu wa kazi hiyo atueleze tuanzie wapi?

Mchimba Visima, Jambiani

Ndugu, asiteremke mtu kwanza. Kisima kilichofunikwa miaka mingi kinakuwa na hewa mbaya, na nimeshuhudia mwenzetu akizimia chini na aliyeteremka kumwokoa naye akazimia. Kiondoeni kifuniko na mkiache wazi siku mbili tatu, mkiwekea uzio ili watoto wasikaribie. Kisha teremsheni ndoo na muipandishe tena mara nyingi ili hewa ichanganyike, halafu mshushe kibatari kinachowaka kwa kamba hadi karibu na maji. Kikizimika, ahirisheni. Kikiendelea kuwaka, bado atakayeteremka afungwe kamba kifuani, na juu wawepo wanaume wanne wasiofanya kazi nyingine yoyote isipokuwa kushika kamba hiyo na kuzungumza naye. Akiacha kujibu, wamvute. Asiteremke wa pili.

Takataka zitolewe kwa kikapu. Baada ya hapo choteni maji yote mnayoweza, msugue kuta, muyaache maji yarejee, kisha mchote tena hadi yatoke safi. Watu wa afya wa wilaya watawaelekeza kiasi cha klorini kulingana na kina. Hadi watakapopima, maji hayo ni ya kufulia na ya kuogea, na ya kunywa yachemshwe.

Pimeni kina kwa kamba na muandike urefu wake juu ya ukuta wa kisima kwa rangi. Mimi nitakuja Jumapili hiyo nikijaaliwa, na nitaleta kamba ya usumba ya pima ishirini ambayo mama yangu aliisokota. Mkishaizoea mtaamua wenyewe kama mnataka kumtuma mtu aje ajifunze.